Kabla mvua haijarudi, tuseme juu ya fosi zetu

Maneno haya yalisemwa na mmoja wetu hapa Goma, Jumamosi kisha salongo, mbele ya vijana na wazazi wa kartie. Tunayaweka hapa juu wengi waliomba kuyasoma tena na kuyapeleka kwenye avenyi zao.

Wandugu, wadada, kamarade, na ninyi wazazi mliokubali kubaki na sisi kisha salongo, asanti. Najua jua ni kali na mikono bado inanuka mfereji. Basi tuendelee na harufu hiyo hiyo. Leo nimeombwa niseme juu ya kitu ambacho hakuna mtu anapenda kukitaja mbele ya watu: mavi yetu. Mutanisamehe neno. Lakini kitu tukishindwa kukiita jina lake, tutashindwa pia kukipigania.

Wengi munanijua. Mimi ni shomeri. Nilimaliza lisansi yangu ya mazingira, na tangu miaka miwili ninatembeza dosiye, ofisi moja hadi ingine. Wananiambia kila mara: tutakupigia simu. Simu haijalia. Muda huo wa kukaa nyumbani njo ulinifanya niangalie kitu ambacho hakuna mtu anaangaliaka: fosi septiki ya parseli tunamokaa. Leo nataka kuwaambia nilichokiona, na juu ya nini ninafikiri kinatuhusu sisi tunaojiita wanaharakati.

Tumetembea mara nyingi na bidoni zetu tupu tukidai maji. Tulikuwa na haki, na bado tuko na haki. Katiba yetu, kifungu cha 48, inaahidi kila mtu maji ya kunywa. Lakini tunaulizaka upande mmoja tu: maji yatoke wapi? Upande wa pili hatuulizi: yakisha kupita kwetu, yanaenda wapi?

Nianze na kukiri. Nilikuwa na miaka kumi na ine. Tulikaa jamaa nyingi ndani ya parseli moja, na fosi ilikuwa imejaa. Siku ile usiku mvua ikaanza, mvua ya kwetu munaijua, ile inayopiga mabati mpaka hamusikilizane. Papa akaniamsha. Akaniambia: chukua tochi. Tukatoka inje sisi wawili. Fosi yetu ilikuwa imejengwa nusu juu ya udongo, na kwenye ubavu wake kulikuwa na bomba limezibwa na kitambaa na kipande cha mti. Papa akapiga ule mti na nyundo, mara tatu. Ukatoka. Nikashika tochi, na vyote vikashuka kwenye avenyi pamoja na maji ya mvua. Hatukusema neno. Asubuhi avenyi ilikuwa imeoshwa, hakuna aliyeona, na kila mtu akaenda kazini kwake.

Juma lile lile mtoto wa jirani wa chini alishikwa na kolera. Walimpeleka kwenye kituo, wakamtia maji ya mshipa, akapona, Mungu asifiwe. Sina ushahidi kwamba ni sisi. Kolera ilikuwa pahali pengi wakati ule, na si sisi peke yetu tuliofungua bomba usiku ule. Lakini mama wa ule mtoto alikuja kuomba bidoni moja ya maji kwetu, na mimi ndiye nilimpa, na sikuweza kumwangalia macho. Tangu siku ile, mvua ikianza usiku, ninaamka.

Papa si mtu mbaya. Hakuwa na pesa ya kulipa watu wa kutosha ile fosi, na mwenye parseli alisema si kazi yake. Ninawaambia hii juu kila mmoja hapa, akifikiri vizuri, atakumbuka usiku kama ule. Kama si kwao, basi kwa jirani. Tusijifanye wageni.

Sasa, juu ya nini Goma iko na shida hii kuliko miji mingine? Jibu liko chini ya miguu yetu. Tunajenga juu ya mawe ya Nyiragongo. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ndani ya ziwa. Mei 2021 ikarudi, ikafika pembeni ya mji. Mahali pengine, mtu akitaka choo anachukua jembe na beleshi. Hapa unatafuta vijana wenye nguvu, nyundo kubwa na vyuma, na munalipana kwa kila kipande cha kina. Njo maana fosi zetu ni fupi, njo maana nyingi ziko nusu juu ya udongo kama kaburi, njo maana zinajaa mbio.

Na kuna jambo la pili, baya zaidi. Udongo wa kawaida unachuja. Maji machafu yakipita ndani yake polepole, udongo unashika uchafu mwingi na vijidudu vingi vinafia mulemo. Lakini lava yetu imejaa nyufa. Unamwaga maji, yanapotea, unafurahi unasema: fundi wetu ni muzuri, shimo halijae! Kumbe maji hayakuchujwa. Yameingia kwenye ufa na yanatafuta njia ya kushuka. Na hapa Goma, chini ni wapi? Chini ni ziwa. Lile lile ziwa tunamochota. Mama anashuka na bidoni asubuhi, na kama hakukuta pale wale vijana wenye sirinji wanaotia klori, anapandisha nyumbani kitu tulichokishusha sisi wenyewe.

Wazazi walioko hapa wanakumbuka Julai 1994. Wakimbizi walifika hapa kwa wingi sana ndani ya siku chache, hakuna choo, maji ni ya ziwa tu. Kolera na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu ndani ya majuma machache. Mulisaidia kuzika. Sisi tulizaliwa kisha, lakini tunakaa juu ya mawe yale yale na tunakunywa ziwa lile lile.

Basi tujifunze fosi inatumika namna gani. Si kitu kigumu. Chukueni bidoni ya maji ya mvua yaliyotoka kwenye mabati, siku volkano imetupa majivu. Iacheni usiku mzima bila kuigusa. Asubuhi mutakuta tope jeusi chini, vitu vyepesi vinaelea juu, na katikati maji yaliyo safi kidogo. Fosi ni bidoni ile, tu ni kubwa. Mavi mazito yanalala chini. Mafuta na povu vinapanda juu. Katikati kuna maji, na yale ya katikati njo yanatakiwa kutoka peke yake kwenda kwenye shimo la pili, lile mafundi wanaitaka pui perdi. Ndani ya fosi kuna bakteria zinazoishi bila hewa, zinakula ule uchafu polepole na kuupunguza. Ni wafanyakazi wetu wa bure. Hawaombi mshahara, wanaomba tu tusiwaue.

Fosi iliyojengwa vizuri iko na vyumba viwili. Cha kwanza ni kikubwa, karibu theluthi mbili ya nafasi yote, na njo kinapokea. Cha pili ni kidogo, kinatuliza maji mara ya mwisho. Kwenye mlango wa kuingilia na wa kutokea kunawekwa bomba lenye umbo la T, mguu wake umezama ndani ya maji, ili povu la juu lisitoke wala tope la chini lisiinuke. Kile kipande cha T ni cha bei ndogo. Kwetu hakikuwepo. Fundi alikiruka, na hakuna mtu alijua kuuliza.

Kuna pia bomba la hewa linalopanda juu kupita dari. Wengi wanalikata juu ya harufu. Musilikate. Gesi ikikosa njia ya kupanda itarudi kwa njia ya choo mpaka ndani ya nyumba.

Sikilizeni hapa, juu watu wengi wanadanganyika: hata maji yanayotoka kwenye fosi muzuri si maji safi. Yamepungua uzito tu. Vidudu vya kolera vinaweza kuwa bado ndani. Njo maana mtu anayejenga sasa, na anayeweza, atie mchanga na changarawe chini na pembeni ya lile shimo la pili, ili kitu fulani kichuje kabla maji hayajafika kwenye mawe.

Mwaka huu, mwezi wa sita, niliomba majirani wa parseli yetu tufungue mfuniko. Tuko jamaa ine, watu 22. Walicheka. Mmoja aliniambia: kijana wa lisansi, kazi umeikosa mpaka unatafuta ndani ya choo? Nikacheka na mimi. Kisha tukafungua.

Namna ya kupima ni hii. Tafuta mti mrefu ulionyooka. Fungia kitambaa cheupe cha zamani kwenye sehemu ya chini, kiasi cha mita moja na zaidi. Fungua mfuniko, kisha ondoka, acha hewa ipite muda mzuri kabla ya kusogea. Sigara hapana, kiberiti hapana, mshumaa hapana. Usiinamishe kichwa juu ya shimo. Shusha mti polepole mpaka uguse chini, ngoja dakika chache, kisha upandishe polepole. Mahali kitambaa ni cheusi na kizito, pale njo tope linafika. Kama tope limefika theluthi moja ya kina cha maji, wakati wa kutosha umefika. Usingoje choo kirudishe maji. Choo kikirudisha, umechelewa sana.

Fosi yetu iko na urefu wa mita 2 na nusu, upana wa mita 1 na nusu, na kina cha maji cha mita 1 na sentimita 20. Hiyo ni lita 4 500. Theluthi ya kina ni sentimita 40. Tope letu lilikuwa sentimita 85. Juu yake povu la sentimita 15. Maji ya katikati yalibaki na sentimita 20 tu za kupumzikia.

Fanyeni hesabu na mimi. Kwetu kila mtu anatumia kiasi cha lita 20 kwa siku kwa choo na kunawa, juu maji yote tunayabeba kichwani. Watu 22, ni lita 440 kila siku. Fosi ikiwa tupu ya tope, maji yanaweza kulala mule siku kumi. Na sentimita 20 zilizobaki, hayalali hata siku mbili, na yanatoka na uchafu wake wote kwenda kwenye mawe. Kwa macho kila kitu kilikuwa sawa. Choo kilikuwa kinashusha. Harufu haikuwa mbaya sana. Kumbe tangu muda mrefu hatukuwa na fosi, tulikuwa na bomba refu la kwenda ziwani.

Inajaa kwa muda gani? Hesabu moja wanayotumiaka mafundi ni lita 40 za tope kwa mtu mmoja kwa mwaka. Si sheria, ni makadirio. Sisi 22 tunafikisha lita 880 kwa mwaka. Theluthi ya fosi yetu ni lita 1 500. Inamaanisha kila miezi ishirini tunatakiwa kuitosha. Mwenye parseli alituambia kwa kiburi kwamba tangu ijengwe haijawahi kutoshwa hata siku moja. Alifikiri ni sifa ya fosi.

Sasa vitu vinavyoua fosi. Nitavitaja haraka, lakini muvipeleke nyumbani.

Javeli kidogo ya kuoshea choo haina neno. Kumwaga chupa nzima kila juma ili harufu iishe ni kuua zile bakteria. Tope likikosa wa kulikula, linajaa mbio zaidi.

Sashe, Pampers, pamba za akina mama za kila mwezi, kapoti, vitambaa, nywele za saluni: hivi havioze. Wadada, najua juu ya nini vinatupwa chooni. Ni juu ya haya, na juu hakuna pahali pengine pa kuvitupa. Basi sisi wanaume wa parseli tuache kuchunguza sashe za watu, na tuweke pipa lenye mfuniko karibu na choo. Kwetu tuliliweka. Hakuna aliyekufa na haya.

Mafuta ya kukaanga mandazi na samaki, majivu ya makala, mchanga wa kusuguliwa sufuria, asidi ya betri: vyote hapana. Majivu na mchanga hakuna bakteria ya kuvila. Vinakaa chini kama simenti.

Maji ya mvua. Kuna watu wameelekeza mfereji wa mabati ndani ya fosi. Mvua moja kubwa inakoroga tope lote na kulisukuma inje. Ni sawa na kufungua bomba usiku kama papa, tofauti ni kwamba wewe unalala.

Na ile dawa wanayouza kwenye chupa, eti unamwaga na fosi inakuwa tupu. Wandugu, bakteria tunaleta wenyewe kila asubuhi, bure. Hakuna chupa inayoondoa mchanga, majivu na Pampers. Pesa ile wekeni kwenye kazi ya kutosha.

Nafika kwenye pesa. Vijana wa kutosha vyoo walituomba dola 160, tukapatana 120. Ukisikia dola 120 siku moja, unarudi kwenye tochi na nyundo. Lakini gawanya kwa miezi ishirini: ni dola 6 kwa mwezi. Gawanya kwa jamaa ine: ni dola moja na nusu kwa mwezi kwa kila nyumba. Sisemi ni kidogo kwa kila mtu. Sisemi hivyo juu najua nyumba ambamo dola moja na nusu ni chakula cha jioni. Lakini likelemba tunazijua. Mama zetu wamesomesha watoto na likelemba. Tuliweka likelemba ya fosi: kikaratasi, jina, tarehe, na mama mmoja wa kuaminika anashika pesa. Mara ya kwanza tulikopa, sasa tunarudisha.

Na mwenye parseli? Tulimwandikia barua ya heshima, tukaweka vipimo, tukatia sahihi jamaa zote ine. Alikasirika. Alisema mavi ni ya lokateri. Tulimjibu: ndiyo papa, mavi ni yetu, lakini ukuta, mfuniko na kipande cha T ni vya nyumba yako, na sisi tukihama fosi itabaki yako. Kisha majuma matatu alilipa mfuniko mpya, mabomba na fundi. Kutosha tulilipa sisi. Si ushindi wa kuimba, lakini mtu mmoja mmoja angefukuzwa. Jamaa ine kwa barua moja, hapana.

Sasa jambo ambalo nataka mulishike kuliko yote. Musiingie ndani ya fosi. Kamwe. Hata kama ni tupu, hata kama ni dakika moja, hata kama simu yako imeangukia mule.

Sisi watu wa Goma tunajua mazuku. Tunajua kule upande wa Bulengo na Lac Vert mbuzi anashuka kwenye bonde na harudi, juu ile hewa nzito imelala chini na haina rangi wala kelele. Fosi iko na mazuku yake. Tope likioza linatoa gesi. Moja inanuka kama yai bovu, na ikiwa nyingi, inaua pua kwanza. Unafikiri harufu imeisha, kumbe ni pua imekufa, na wewe unafuata. Kisha ndugu anakuona umeanguka, anaruka kukuokoa, na yeye anabaki. Njo namna watu wawili, watatu wanakufia kwenye shimo moja.

Siku ya kazi kwetu, ndoo iliponyoka ikaangukia ndani. Kijana mmoja kati ya wale watatu alishuka kuifuata kabla sijasema neno. Nilikuwa nimewaomba wafunge kamba kiunoni, walinicheka lakini walifunga. Alifika chini, akainama, akaacha kujibu. Tulivuta watu watano. Alitoka macho yamegeuka, tukamlaza kwenye upepo, akatapika, akaamka. Kitu cha kwanza alisema: musimwambie bibi yangu. Kisha akataka kuendelea na kazi, juu bila kazi hakuna pesa ya siku.

Ule kijana ni wa rika letu. Anafanya kazi usiku juu mchana tunamtukana. Watoto wanamkimbia, tunaziba pua akipita na chukudu yake na mapipa. Halafu fosi ikijaa tunampigia simu saa tano ya usiku na kumpunguzia bei. Sisi vijana tunaosema heshima ya mtu, tuanzie pale. Glavu, buti, sabuni, maji ya kuoga, kamba, mtu wa kusimama juu, na malipo tuliyopatana bila kukata. Na kazi ifanyike mchana, bila kujificha.

Nimesema ukweli wote isipokuwa mmoja, na huo ni mchungu. Mapipa yalipojaa, lori dogo lilikuja kuyachukua. Nilimuuliza mwenye lori: munaenda kuyamwaga wapi? Akaniangalia, akajibu: wewe ulilipa itoke kwenu. Imetoka.

Sikulala usiku ule. Labda nilihamisha tu kitu. Labda mavi ya jamaa zetu ine yako sasa nyuma ya kartie ya mtu mwingine, kwenye mawe, yanangoja mvua. Likelemba yetu, mti wetu, mfuniko wetu mpya, vyote vinaishia kwenye mlango wa parseli. Kisha mlango ule, ni kazi ya mji.

Njo hapa madai yetu yanaingia. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na kinaongeza kwamba ana wajibu wa kuyalinda. Haki na wajibu kwenye kifungu kimoja. Tumefanya upande wa wajibu, sasa tunauliza upande wa haki. Kwa wale wanaoongoza mji, wowote wale, tunauliza mambo matatu. Kwanza: pahali pa kumwaga na kusafisha tope la vyoo, panapojulikana na kila mtu wa lori, na atakayemwaga pengine aadhibiwe. Pili: vijana wa kutosha vyoo waandikwe, wafundishwe, wapewe vifaa, watoke gizani. Tatu: anayepewa ruhusa ya kujenga nyumba ya kupangisha, fosi yake ikaguliwe kabla ya lokateri wa kwanza kuingia. Kodi tunalipa. Tunaomba kujua inaenda wapi, kama vile tunavyoomba kujua lori linaenda wapi.

Na musiniambie: tungoje serikali kwanza. Siku tutakapofika kwenye ofisi yao na kusema jamaa ine, ishirini, mia wamepima fosi zao, wameandika vipimo, wameziba mabomba ya usiku, hawatakuwa na neno la kutujibu. Leo wako na neno. Wanasema: ninyi wenyewe munachafua. Na wako na haki nusu. Tuwanyang'anye ile nusu.

Tuko mwezi wa nane. Mvua inarudi mwezi wa tisa. Kiangazi njo wakati muzuri wa kufungua na kutosha, juu mvua ikianza tope linakuwa zito kubeba, na kishawishi cha kufungua bomba kinarudi. Ninaomba vitu vitatu tu, juma hili. Kila mmoja ajue fosi ya parseli yake iko wapi na mfuniko wake uko wapi. Apime na mti, aandike kipimo na tarehe. Aite kikao cha jamaa za parseli, hata cha dakika kumi, na aanzishe likelemba. Vipimo muvilete kwetu Jumamosi ijayo, kwenye karatasi tu. Tutaviweka pamoja bila jina la mtu, avenyi kwa avenyi, na njo tutabeba kwenda navyo. Safari hii hatutabeba bidoni tupu peke yake.

Papa alinisaidia kuziba lile bomba la zamani pale tulipokaa mbele. Alichanganya simenti mwenyewe. Hakusema neno juu ya usiku ule, na mimi sikumuuliza. Alisema tu: weka mingi, lisifunguke tena.

Wandugu, mvua itakaporudi na kupiga mabati usiku, ninataka kila mmoja wetu ageuke upande wa pili na kulala, juu hakuna aliyeko inje na tochi.